Nyama ya maksai na chungu kisichokoroma: historia ya kupika polepole, na faida yake kwako

Makala ya leo ni ya historia, lakini usiiache njiani. Mwishoni kuna mapishi, kuna hesabu ya umeme, na kuna tahadhari ambayo inaweza kukuokoa wewe na wateja wako.

Mwezi uliopita nilipita kwa mama mmoja katika kata yetu, mfugaji wa siku nyingi. Baada ya shikamoo na chai, alinionyesha kitu juu ya kabati. Kijana wake alimletea kutoka mjini: chungu kizito cha udongo mgumu, kimekaa ndani ya ganda la bati lenye waya wa umeme, na juu kuna mfuniko wa kioo. Akaniambia, "Mwanangu, hiki kitu nilikiwasha asubuhi, hadi saa nne hata kukoroma hakijakoroma. Nikakizima. Chungu kisichochemka kitaivishaje nyama?"

Siku hiyohiyo alikuwa na uchungu mwingine. Alikuwa ametoka mnadani kuuza maksai wake aliyelima kwa misimu saba. Mwenye bucha alimkata bei akisema nyama ya ng'ombe aliyelima ni ngumu, wateja wataikataa.

Nilimjibu kwamba maswali yake mawili ni swali moja. Chombo kile kilichokaa juu ya kabati asili yake ni tatizo la nyama ngumu na moto mdogo.

Kwanza, kwa nini nyama ya maksai ni ngumu?

Nyama ni nyuzi za misuli zilizofungwa pamoja na utando mweupe. Utando huo una kitu kinachoitwa kolajeni, ndicho kilichojaa pia kwenye kano. Sehemu za mwili zinazofanya kazi sana, kama shingo, bega, kidari na muundi, zina kolajeni nyingi. Sarara, iliyoko mgongoni, inafanya kazi ndogo, ndiyo maana ni laini. Na kadiri ng'ombe anavyozeeka, kolajeni yake inajifunga zaidi na inachukua muda mrefu kulegea. Ng'ombe wetu wa asili anatembea mbali kutafuta malisho na maji, anavuta jembe, na mara nyingi anauzwa akiwa na umri mkubwa. Nyama yake si mbaya. Imefanya kazi tu.

Kolajeni ikikaa kwenye joto la kuanzia nyuzi 60 au 70 za sentigredi, ikiwa na unyevu, inaanza kuyeyuka taratibu na kuwa kitu laini kama uji mzito. Ndicho kinachofanya supu ya kongoro igande ikipoa. Ila inahitaji muda, mara nyingi saa kadhaa. Ukichochea moto mkali, nyuzi za misuli zinajikaza na kukamua maji yake haraka, wakati kolajeni bado haijalegea. Maji yakishaanza kuchemka, kuongeza mkaa hakuongezi joto lake. Kunaongeza mvuke unaotoka nje, na pesa yako inatoka nao.

Kwa hiyo kinacholainisha nyama ngumu ni joto la kutosha kwa muda mrefu. Kazi ya mpishi ni kulitunza joto hilo lisikimbie. Watu wa sehemu nyingi za dunia waligundua jambo hili, kila mmoja kwa shida yake.

Chungu cha Ijumaa jioni

Wayahudi wana siku ya mapumziko, Sabato, inayoanza Ijumaa jua linapozama na kwisha Jumamosi usiku. Katika siku hiyo sheria yao ya dini hairuhusu kuwasha moto wala kupika. Lakini watu wanataka chakula cha moto Jumamosi mchana. Wafanyeje?

Jibu lao lilikuwa kuanza kupika Ijumaa kabla ya jua kuzama, kisha kukiacha chakula kwenye joto hadi kesho yake. Kwa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki chakula hicho kiliitwa cholent: nyama ngumu ya bei nafuu, maharage, shayiri na viazi, vyote katika chungu kimoja. Familia nyingi hazikuwa na jiko la kutunza joto usiku kucha, kwa hiyo chungu kilifungwa vizuri na kupelekwa kwa mwoka mikate wa kijiji. Tanuri lake lilikuwa limeshamaliza kuoka, lakini matofali yake yalikuwa bado na joto. Vyungu vya majirani vilikaa humo hadi siku ya pili, na nyama iliyokuwa ikishindana na meno ikawa laini.

Tena jambo hili ni la kale. Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa karibu mwaka 200, una sura nzima inayojadili vitu vya kufunikia chungu ili kisipoe. Hairuhusu kukizungushia samadi. Majani makavu yanaruhusiwa, majani mabichi hayaruhusiwi. Nguo, nafaka, manyoya ya njiwa na vumbi la mbao la seremala vinaruhusiwa.

Wewe mkulima unaweza kuielewa sheria hiyo kuliko msomi wa mjini. Umeshaingiza mkono kwenye lundo la mboji ukaona linavyochoma. Samadi na majani mabichi yanapooza yanatoa joto lake yenyewe, na hilo lilihesabiwa kama kuongeza moto. Majani makavu hayatoi joto, yanalizuia tu lisitoke. Watu wale walitofautisha kuongeza joto na kutunza joto, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita.

Bega la kondoo lililosahaulika

Sasa twende mwishoni mwa karne ya 18. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyefanya kazi miaka mingi Bavaria na kupewa cheo cha Count Rumford, alikuwa mtafiti wa mambo ya joto. Alisumbuliwa na namna majiko ya wakati wake yalivyopoteza kuni, na akasanifu majiko mapya pamoja na supu ya bei ndogo kwa ajili ya maskini.

Ameandika kwamba siku moja alijaribu kupika bega la kondoo ndani ya mashine iliyotengenezwa kwa kukaushia viazi. Baada ya saa 3 nyama haikuwa imeiva. Akakata tamaa, akawaachia wapishi. Wao wakaiacha humo usiku kucha. Asubuhi waliikuta imeiva sawasawa, laini na tamu kuliko kawaida. Chombo cha kukaushia viazi, kwa joto dogo tu, kilifanya ambacho moto mkali ulikuwa haufanyi.

Kulikuwa pia na njia nyingine. Mwaka 1679, Mfaransa Denis Papin, akiwa London, alitengeneza sufuria nzito inayofungwa kabisa hadi mvuke ukajibana ndani. Mvuke uliobanwa unapandisha joto la maji juu ya nyuzi 100, na hata mifupa inalainika. Hiyo ndiyo babu wa presha kuka ya leo. Kwa hiyo kwa nyama ngumu unachagua kati ya kubana mvuke na kutumia muda. Mwenye pesa ya presha kuka na haraka ya mteja atachukua njia ya Papin. Mwenye shamba la kulima asubuhi anaweza kuchukua njia ya muda.

Mwaka 1867, kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa yaliyofanyika Paris, Mnorwei Johan Sørensen alionyesha sanduku lililotandikwa vizuri ndani ili kutunza joto. Unachemsha chakula jikoni, unakitia sandukuni, unakwenda zako. Baadaye watu wa kawaida walijitengenezea la kwao kwa kujaza majani makavu ndani ya sanduku la mbao. Wakati wa vita kuu mbili za dunia, mafuta na makaa ya mawe yalipokuwa adimu, Waingereza walihimizwa kupika kwa masanduku ya majani. Ni majani yaleyale ya kulishia ng'ombe.

Fundi wa Chicago na hadithi ya mama yake

Sasa tunafika kwenye chombo cha juu ya kabati. Irving Nachumsohn, aliyekuja kujulikana kama Irving Naxon, alizaliwa Marekani mwaka 1902 katika familia ya Kiyahudi. Alikuwa mhandisi na mgunduzi huko Chicago. Mama yake alikulia katika mji mdogo wa Lithuania, na alimsimulia jinsi alivyokuwa akitumwa utotoni kupeleka chungu cha cholent kwa mwoka mikate kila Ijumaa.

Naxon akajiuliza: je, tunaweza kutengeneza chungu chenye tanuri lake dogo la umeme? Akaweka waya wa kupasha joto kuzunguka chungu, ili joto liingie pande zote kidogokidogo. Aliomba hataza mwaka 1936, akaipata mwaka 1940. Chombo alichokuja kukiuza kiliitwa Naxon Beanery, maana kilinadiwa kama cha kupikia maharage.

Mwaka 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City ilinunua biashara yake. Mwanzoni chungu hicho kilikuwa bidhaa ndogo miongoni mwa nyingi. Walipokijaribu jikoni waligundua kuwa kinapika zaidi ya maharage, hasa vile vipande vikubwa vya nyama ya bega ambavyo Wamarekani hupika vizima na viazi na karoti. Mwaka 1971 wakakitoa kwa jina jipya la Crock-Pot, pamoja na kitabu cha mapishi. Mwaka 1974 wakatoa aina ambayo chungu chake kinachomoka ili kioshwe.

Mauzo yaliripotiwa kupanda kutoka dola milioni 2 mwaka 1971 hadi dola milioni 93 mwaka 1975. Sababu ziko wazi. Wanawake wengi wa Marekani walikuwa wameanza kwenda kazini mchana. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda na watu wakaanza kuhesabu matumizi ya nishati. Chombo kinachopika nyama ya bei rahisi wakati mwenyewe hayupo kilikuja kwa wakati wake.

Ewe mfanyabiashara, chukua somo hapa. Kifaa kilikuwepo kwa miaka mingi kikiitwa cha maharage, na soko halikushtuka. Kilipobadilishwa jina, kikapewa maelekezo ya kupikia, kikauzika. Nyama ya maksai nayo inauzwa bila maelekezo, ndiyo maana inakatwa bei.

Na sisi hapa nyumbani?

Usidhani elimu hii ni ya wageni peke yao. Pwani wanapalia wali: maji yakikauka, moto wa chini unapunguzwa na makaa yanawekwa juu ya mfuniko. Bara, bibi zetu walitia maharage au kande kwenye chungu cha udongo, wakakiacha kwenye majivu ya moto usiku. Siku hizi kuna kikapu cha kutunza joto, wengine wanakiita jiko kapu. Ni kikapu kilichotandikwa nguo kuukuu, pamba au majani makavu, na mto wa kufunika juu. Ni ndugu wa damu wa sanduku lile la Paris.

Mimi mwenyewe nilijiaibisha na kikapu hicho. Nilikwenda kwenye kikundi cha akina mama kuwaonyesha, nikiwa na nusu kilo ya nyama ndani ya sufuria kubwa. Nikaichemsha kidogo, nikaifunika kikapuni, na kila baada ya nusu saa nikawa nafungua wachungulie. Baada ya saa 3 nyama ilikuwa ngumu kama kamba na mchuzi uko vuguvugu. Bibi mmoja akaniambia, "Mjukuu wangu, umekuja kupika au kupooza?" Watu walicheka, na mimi nikacheka, lakini nilijifunza. Sufuria tupu haina joto la kutunza, na kila ukifunua unalitoa nje.

Jinsi ya kupika kwa chungu cha umeme

1. Chagua bega, shingo au kidari, kilo 1.5 hadi 2, kipande kimoja. Usinunue sarara kwa kazi hii, utapoteza pesa.
2. Kama imeganda kwenye friji, iyeyushe kabisa kwanza. Nyama ya barafu ikiwekwa kwenye moto mdogo inakaa muda mrefu mno bila kupata joto la kuua vijidudu.
3. Ipake chumvi na viungo. Ikaange pande zote kwenye kikaango cha moto hadi iwe kahawia. Hii ni kwa ajili ya ladha na rangi.
4. Tandika vitunguu, viazi na karoti chini, nyama juu. Weka maji kikombe kimoja tu. Mvuke hautoki, kwa hiyo maji hayapungui sana.
5. Funika. Moto wa chini saa 8 hadi 10, moto wa juu saa 5 hadi 6. Nyama ya maksai mzee mpe muda mrefu zaidi.
6. Usifunue kuchungulia. Ikichanika kwa uma bila kuvutwa, imeiva.

Hesabu ya umeme: soma wati zilizoandikwa chini ya chombo. Chombo cha wati 200 kikiwaka saa 8 kinatumia yuniti 1.6. Zidisha kwa bei ya yuniti nyumbani kwako, kisha linganisha na mkaa unaonunua kwa chungu hichohicho cha nyama. Usinunue chombo kabla hujafanya hesabu hiyo, na kama umeme wenu unakatika mara kwa mara, fikiria mara mbili.

Kwa kikapu

Hapa usiweke kipande kizima. Kata vipande vya kiasi, jaza sufuria walau robo tatu, na chemsha dakika 30 ikiwa imefunikwa. Itie kikapuni ikiwa bado inachemka, funika mto, usiiguse kwa saa 4. Itoe, ichemshe tena. Kama ni nyama ya maksai na bado inakataa, rudia mzunguko mmoja. Chungu cha umeme kinaongeza joto kila saa. Kikapu kinatunza tu ulichokipa.

Tahadhari, soma mara mbili

Moto mdogo una hatari moja. Vijidudu vinavyoharibu chakula vinazaliana kati ya nyuzi 5 na 60, yaani kwenye hali ya vuguvugu. Kwa hiyo:

- Chakula cha kikapuni kichemshwe tena kabla ya kuliwa. Ukikikuta kimepoa, kimwage.
- Umeme ukikatika ukiwa shambani na hujui ulikatika saa ngapi, usimuuzie mtu chakula hicho wala usiwape watoto.
- Kilichobaki usikiache kwenye chungu hadi asubuhi. Kama huna friji, pika kinachotosha siku hiyo. Kuchemsha tena asubuhi hakuondoi kila sumu.
- Maharage mekundu yaloweke walau saa 5, mwaga maji, kisha yachemshe kwa moto mkali walau dakika 10 ndipo uyahamishie kwenye chungu cha umeme. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo peke yake hauiondoi, na mtu anatapika vibaya.

Jibu nililompa mama

Nilirudi kwake Jumamosi. Tulinunua kilo 2 za bega kwenye bucha ileile iliyomkata bei, tukawasha chungu saa 1 asubuhi, akaenda kupalilia. Saa 10 jioni alifunua mwenyewe. Alichukua kipande, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilimuuza kwa hasara."

Sikuwa na la kumjibu, maana ni kweli. Bei ya mnadani haitapanda kesho kwa sababu yeye amejua. Lakini alimpelekea mwenye bucha bakuli moja. Sasa mwenye bucha ametenga bega na kidari kwenye meza ya peke yake na anamweleza kila mteja namna ya kupika.

Wewe anza hivi: safari ijayo ukienda bucha, ulizia bega badala ya mchanganyiko, na jaribu njia mojawapo kabla ya kununua chombo chochote. Likikushinda, njoo ofisi ya kata siku ya mnada tuangalie pamoja. Usije na sufuria nusu tupu kama yangu.